Hasira Yetu Tuipeleke Wapi?

(Maneno haya yalisemwa na mjumbe mmoja wa Kamati ya Jamii mbele ya wakazi wa kambi na wageni, katika sherehe za Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Kamati imeona vema yachapwe katika toleo hili la kumbukumbu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya historia ya kambi yetu. Hotuba hiyo nimeiacha nyumbani. Siku kama hii hatuwezi kucheza ngoma na kupokea wageni huku tukinyamazia jambo ambalo kila mtu hapa analizungumza kisimani, kwenye foleni ya mgao na nyuma ya madarasa.

Majuma matatu yaliyopita kijana wetu mmoja alikwenda mjini kuuza maharagwe. Alirudi siku ya pili mkono umevunjika na mgongo umechorwa na fimbo. Askari walimwomba kitambulisho, akatoa karatasi yake ya ukimbizi. Wakamwambia kwamba karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa wizi, kwa kuwa wizi umeletwa na wageni. Sitataja mji wala kituo, maana shauri liko mikononi mwa wakubwa. Lakini usiku ule vijana walikusanyika hapa hapa nilipoanza kusimama, wakiwa na dumu la petroli. Walitaka kwenda kuchoma maduka ya wenyeji yaliyo kando ya barabara kuu. Ni mama wa yule kijana aliyewazuia. Aliwauliza swali moja tu: "Mwenye duka amempiga mwanangu?" Hakuna aliyejibu. Dumu likarudishwa.

Vijana wangu, sikuja kuwaambia kwamba hamna sababu ya kukasirika. Mnayo. Mtu asiyekasirika mwenzake akivunjwa mkono ana ugonjwa. Nimekuja kuuliza hasira hiyo tuipeleke wapi. Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kuipeleka mahali pabaya, na baadaye nikaletewa mlangoni kwangu.

Mwaka 1972 nilikuwa mtoto wa miaka kumi mjini Mbale. Msiniulize kabila langu, halina kazi katika habari hii. Baba yangu alivuka mpaka kutoka Kenya kutafuta kazi, akawa mchukuzi katika duka la Mhindi mmoja, chini ya mlima wa Wanale. Mbale wakati ule ilisifiwa kwa usafi, na maduka ya mjini karibu yote yalikuwa ya Wahindi. Jinja vile vile: maduka, viwanda, na sukari ya Kakira iliyoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930.

Tuseme kweli, manung'uniko yalikuwepo na yalikuwa na msingi. Serikali ya Waingereza iliwapanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilikuwa mbali mbali, hospitali mbali mbali, na mishahara mbali mbali. Mkulima wa pamba wa Busoga au Bukedi alilima, lakini kinu cha kuchambua pamba kilikuwa cha mtu mwingine, na bei ilipangwa na mtu mwingine. Watu walipochoka kulikuwa na fujo mwaka 1945 na tena mwaka 1949. Mwezi wa Januari 1960 Bukedi nayo iliwaka kwa sababu ya kodi na machifu, na polisi walifyatua risasi. Baba yangu mwenyewe aliitwa "boi" dukani mpaka nywele zikawa nyeupe.

Basi tarehe 4 Agosti 1972, mjini Tororo, mwendo mfupi kutoka Mbale, Idi Amin aliwatangazia askari wake kwamba Wahindi wataondoka Uganda. Wakapewa siku tisini. Watu walishangilia mitaani, nami nilishangilia. Niliwaona majirani wakifunga virago na kwenda stesheni. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, na kila kizuizi kilikuwa na mkono wake. Saa ilitoka mkononi, bangili ikatoka, na fedha ikatoka.

Siku tajiri wa baba alipoondoka, mlango wa nyuma wa duka ulivunjwa. Watu wazima walibeba vitambaa na baiskeli. Mimi nilichukua kengele ya baiskeli. Nilikimbia nayo nyumbani nikiipiga. Baba aliiona, hakunipiga. Alikaa chini akasema, "Kesho nitafanya kazi kwa nani?" Sikumwelewa.

Duka lile lilipewa mtu aliyekuwa na ndugu jeshini. Mnajua watu wa namna hiyo waliitwaje Uganda: mafuta mingi. Baada ya miezi kadhaa rafu zilikuwa tupu. Kakira iliporomoka, na nchi iliyotengeneza sukari yake ikapanga foleni ya sukari, chumvi na sabuni. Magendo ikawa ndiyo biashara. Baba alirudi Kenya mikono mitupu.

Lakini uchumi si jambo kubwa ninalotaka mlikumbuke. Tarehe 21 Septemba 1972, siku tisini hazijaisha, watu wa Amin waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala wakamkamata Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka. Aliuawa. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameamuru Mwingereza mmoja aliyefungwa kinyume cha sheria aachiliwe. Watu waliokuwa wakishangilia bunduki inayomtoa Mhindi hawakutambua kwamba bunduki hiyo haina macho ya rangi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1971, katika kambi ya jeshi ya Jinja, askari wa Kiacholi na Kilangi walikuwa wameuawa na askari wenzao. Aliyeruhusiwa kumpiga jirani yako bila sheria ameruhusiwa kukupiga wewe pia. Anangoja zamu tu.

Na wale Wahindi walikwenda wapi? Wengi hawajui kwamba wao pia walikaa kambini kama sisi. Waliopokelewa Uingereza walilazwa katika kambi za zamani za jeshi, kama Stradishall. Wale wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote walipelekwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa katika vituo vya Austria, Italia, Malta na kwingineko, wakingoja nchi ya kuwachukua. Hata kabla hawajatoka Uganda, halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasiende huko, kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Wakaenda hivyo hivyo, na leo mji huo unajivunia kuwa nao. Kwa hiyo Mhindi aliyemwita baba yangu "boi" alifika Ulaya akaitwa majina mabaya kuliko hilo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nisikilizeni sasa juu ya mama mmoja wa Kihindi aliyetoka Afrika Mashariki, Jayaben Desai. Alikuwa ameishi Tanganyika kabla ya kwenda Uingereza. Mwaka 1976 alifanya kazi katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, pamoja na wanawake wengi waliotoka Afrika Mashariki. Walidharauliwa na kulipwa kidogo. Aliondoka kazini, wenzake wakamfuata, na mgomo ukaendelea hadi mwaka 1978. Polisi waliwakamata watu kwa mamia mbele ya lango. Mgomo ule haukushinda. Ila ulibadili kitu: vyama vya wafanyakazi wa Kizungu, ambavyo zamani vilimwona mgeni kama adui wa mishahara yao, vilikuja kusimama langoni pamoja na akina mama waliovaa sari. Hawa akina mama hawakumchoma mtu. Walijua jina la yule waliyemdai, wakasimama mlangoni pake miaka miwili.

Turudi hapa. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa kiasi cha hekta 7,100 za msitu wa Mabira, ule tunaoupita tukienda Jinja kutoka Kampala, zilimwe miwa na kiwanda cha sukari cha Lugazi kilicho chini ya kundi la Mehta. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Tarehe 12 Aprili waliandamana Kampala. Lakini katikati ya siku ile hasira ilipotea njia. Ikaacha msitu ikafuata rangi ya ngozi. Mhindi mmoja asiyehusika kabisa na miwa wala msitu alipigwa mawe akafa. Risasi zililia, na watu wengine wakafa. Ninyi mjiulize: ni nini kilichookoa Mabira? Mawe yale? Hapana. Watu walikataa kununua sukari ile. Walituma ujumbe kwa simu. Walikwenda mahakamani, wakaandika na kusema redioni. Ufalme wa Buganda ulijitolea kutoa ardhi badala ya msitu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mpango uliwekwa kando. Msitu ulisimama, lakini yule marehemu hakuinuka.

Miezi michache baadaye zamu yangu ilifika. Uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya mnaujua, na wengi wenu mmeletwa hapa na mambo yale au yanayofanana nayo. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Vijana walikuja mchana, si usiku. Walikuwa na sababu zao: ardhi, kura, na dhuluma za miaka mingi. Baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli. Lakini aliyewadhulumu alikuwa mbali, mimi nilikuwa karibu. Kibanda kikawaka. Nikiwa nimejificha kwenye mahindi nilimwona mtoto wa miaka kumi hivi akikimbia na pampu yangu, anacheka. Ndugu zangu, nilikumbuka kengele. Sikuweza hata kumlaani mtoto yule.

Tulivuka Malaba Januari 2008. Watu wapatao 12,000 walivuka kuingia Uganda. Tulikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, katika mahema, karibu kabisa na mahali Amin alipotoa tangazo lake. Baadaye tukahamishiwa Kiryandongo. Tume ya Jaji Waki ilipochunguza ilikuta kwamba watu 1,133 waliuawa, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Bunduki hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za polisi. Hivyo katika nchi moja, majuma yale yale, jirani aliua jirani kwa kabila, na polisi aliua raia aliyepaswa kumlinda. Mabaya haya mawili hulishana. Watu wakichukiana, askari hupata kisingizio cha kufyatua, na askari akifyatua, watu huzidi kuchukiana.

Wakenya walifanya nini baadaye? Walipitisha Katiba mpya mwaka 2010, na mwaka 2011 wakaunda mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Je, polisi wameacha kuua? Hawajaacha. Lakini leo mama aliyeuliwa mwanawe ana mlango wa kubisha, na askari kadhaa wamefungwa kwa mauaji. Zamani hapakuwa na mlango.

Mfano wa mwisho ni wa Jinja, na ndio ulionigusa kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nikifanya kibarua mjini humo wakati ule. Kituo cha polisi cha Nalufenya kilikuwa kimegeuzwa mahali pa kuwafungia watuhumiwa wa makosa makubwa. Watu wa Jinja walipita mbali nacho. Baada ya ofisa mkuu wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kupigwa risasi na kufa mwezi wa Machi 2017, watu wengi walikamatwa. Mwezi wa Mei magazeti yakachapisha picha za meya wa mji wa Kamwenge akiwa hospitalini na vidonda miguuni. Waliokamatwa nao walisimama mahakamani wakaonyesha makovu yao. Nchi ilikasirika. Rais mwenyewe aliandika barua kuwaonya wakuu wa usalama dhidi ya mateso. Mwezi wa Oktoba Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe watuhumiwa 22 shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso. Aprili 2018 Mkuu mpya wa Polisi, Okoth Ochola, aliifunga Nalufenya kama jela ya watuhumiwa wa makosa makubwa, ikarudi kuwa kituo cha kawaida.

Angalieni kilichofanya kazi. Ilikuwa ni kovu lililoonyeshwa, picha iliyohifadhiwa, daktari aliyeandika, wakili aliyesimama, na hakimu aliyesikiliza. Wala siwadanganyi kwamba mateso yaliisha siku ile. Novemba 2020 watu wasiopungua 54 walikufa katika machafuko ya siku mbili, kwa hesabu iliyotolewa na Rais mwenyewe. Kufunga nyumba si kufunga tabia. Lakini nyumba ile ilifungwa, na haikufungwa kwa petroli.

Sasa niseme ya hapa kwetu, maana maneno bila kazi ni upepo.

Kwanza, jueni sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema aliyekamatwa apelekwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Inakataza mateso kwa kila mtu, haisemi kila raia. Mkimbizi ni mtu. Sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso inamfanya askari aliyetesa awe na kosa yeye mwenyewe, na hawezi kujitetea kwamba aliamriwa na mkubwa wake. Bondi ya polisi haina malipo. Anayekudai fedha ya bondi anakuibia.

Pili, andikeni. Mtu akipigwa, siku ile ile aende zahanati, achukue Fomu ya Polisi namba 3, daktari aijaze. Andikeni tarehe, saa, mahali, namba ya gari, namba iliyo kwenye sare na majina ya waliokuwepo. Wenye simu wapige picha kama wanaweza kufanya hivyo kwa usalama. Mnakumbuka Marekani mwaka 2020, George Floyd alipouawa chini ya goti la askari mjini Minneapolis. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alikufa kwa tatizo la afya. Ni msichana wa miaka 17 na simu yake aliyefanya askari yule ahukumiwe mwaka uliofuata.

Tatu, pelekeni shauri hatua kwa hatua, wala msisimame kwenye ya kwanza. Anzeni kwa Mwenyekiti wa Kamati, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu hapa kambini na watu wa ulinzi wa UNHCR. Kitengo cha polisi kinachopokea malalamiko juu ya askari kipo. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi mikoani, Jinja ikiwemo, na baraza lake linaweza kuamuru fidia. Refugee Law Project ya Makerere husaidia mkimbizi asiye na wakili.

Nne, tusifanye nasi tunayofanyiwa. Humu kambini kuna majina tunayoitana ambayo sitayatamka mbele ya wageni. Kuna visima ambavyo watu wa lugha fulani husukumwa mwisho wa foleni. Tukimdharau mwenzetu kwa kabila lake asubuhi, jioni tutamlaumuje askari anayetudharau kwa karatasi yetu?

Kwa wageni wetu wa mashirika, nasema kwa heshima: mama wa kijana huyu alizunguka ofisi nne, akaambiwa kila mahali arudi Jumatatu. Siku ile dumu la petroli lilikuwa karibu kuliko Jumatatu yenu. Tunaomba mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye simu inayopokelewa hata usiku, wa kushughulikia waliopigwa na waliokamatwa. Ombi hilo Kamati imeliandika na nakala nitaikabidhi leo.

Na kwa polisi, ambao nawaona wawili pale chini ya mwembe, karibuni. Mimi niliwahi kupigwa na askari katika mji mmoja wa nchi hii, na nilipigwa kwa Kiswahili. Wananchi wengi wa Uganda wanakichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia kwanza vizuizini, tangu siku za Amin na siku za panda gari. Kwangu ni lugha ya mama yangu, aliyonibembelezea. Nawaomba mtusaidie tuirudishe nyumbani. Njooni mkae na vijana wetu mara moja kwa mwezi, mzungumze nao kwa Kiswahili hicho hicho, bila fimbo.

Vijana, yule kijana wetu yupo hapa, mkono umefungwa. Jumatano anakwenda kutoa maelezo yake, na fomu yake imejazwa. Ameniambia anaogopa kwenda peke yake. Mimi nitakwenda naye. Mliokuwa na dumu usiku ule ninawajua, na sitawataja. Nawaomba mje nasi, tukae nje ya ofisi ile kwa utulivu mpaka atoke. Tutaondoka saa moja asubuhi, hapa hapa.

Hasira hasara, walisema wazee. Naongeza kwamba hasara huja hasira isipojua inakokwenda.

Mungu aibariki kambi yetu, na wenyeji waliotupokea.